Kompyuta ya Zamani na Video Inayokatakata

Fremu moja ya video ya 1080p ni picha yenye pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani pikseli zaidi ya milioni mbili. Kila pikseli ikihifadhiwa na rangi zake tatu bila kubanwa, fremu hiyo huchukua karibu megabaiti 6.2. Fremu 30 za sekunde moja hufika megabaiti 187, na filamu ya saa moja na nusu ingejaza diski ya terabaiti moja. Ndiyo maana hakuna video inayosafiri katika hali hiyo. Inayoingia kwenye kompyuta, iwe kwa intaneti, kwa flashi au kutoka kwenye simu, huwa imebanwa mpaka ikabaki karibu asilimia moja ya ukubwa wake wa asili au chini ya hapo.

Ubanaji huo hutegemea tabia ya picha zenyewe. Msomaji wa habari anapozungumza, ukuta ulio nyuma yake haubadiliki. Kwa hiyo ukuta huandikwa mara moja, na fremu zinazofuata hueleza tu kwamba midomo imesogea na mkono umeinuka. Kompyuta inayoonyesha video inapaswa kuijenga upya picha nzima kutokana na maelezo hayo mafupi, tena kwa muda uliopangwa. Kwa video ya fremu 30 kwa sekunde, kila fremu iwe tayari ndani ya milisekunde 33. Kwa fremu 60, kama baadhi ya mechi zinavyorushwa siku hizi, muda huo hushuka hadi chini ya milisekunde 17. Fremu ikichelewa haisubiriwi, kwa sababu sauti inaendelea. Programu huitupa na kushika inayofuata. Fremu zilizotupwa zikiwa nyingi, ndipo jicho linapoona picha inarukaruka.

Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zilianza maisha katika ofisi za Ulaya na Marekani; Nairobi zimepata hata jina lao, Ex-UK. Dell OptiPlex 7010, HP EliteBook 840 G1, Lenovo ThinkPad T430: hizi ni mashine imara, zilizoundwa kufanya kazi kutwa, na mpaka leo zinaandika barua na kupiga hesabu bila taabu. Video ndiyo inayofichua umri wao. Mwenye mashine akilalamika, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba aongeze RAM. Anaongeza, analipa, na mechi inaendelea kukatika vilevile, kwa sababu kilichokuwa kinachelewa hakikuwa RAM.

Video iliyobanwa husimbuliwa, yaani hurudishwa kuwa picha, kwa njia mbili. Ya kwanza, prosesa yenyewe hufanya hesabu zote kwa kufuata maagizo ya programu, kama inavyofanya kazi nyingine yoyote. Ya pili, kazi hukabidhiwa kisimbuzi: sehemu ndogo ndani ya chipu ya grafiki iliyochongwa kwa shughuli hiyo moja tu. Neno hili si geni. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, nyumba nyingi zina kisimbuzi, au king'amuzi kama wengi wanavyokiita, chini ya televisheni. Ni kifaa kidogo chenye prosesa dhaifu kuliko ya simu ya kawaida, lakini huonyesha mpira kutwa nzima bila kukwama. Kinaweza kwa sababu ndani yake mna sakiti iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo wa ubanaji unaotumiwa na kituo kinachorusha. Kompyuta nayo ina sakiti ya namna hiyo. Inapotumika, prosesa hupumzika, feni hutulia na chaji ya betri hudumu. Isipotumika, mzigo wote huiangukia prosesa.

Kasoro ya kisimbuzi cha ndani ya chipu ni kwamba hakifundishiki. Kinajua mifumo ya ubanaji, yaani kodeki, iliyokuwa mezani siku kilipobuniwa, na hakuna sasisho la programu linaloweza kukiongezea nyingine. Kodeki nazo hazikusimama. H.264 ilikamilishwa mwaka 2003 na ndiyo iliyoeneza video ya ubora wa juu kwenye intaneti na simu. HEVC, inayoitwa pia H.265, ilifuata 2013 ikifikia ubora uleule kwa karibu nusu ya data. Mwaka huohuo Google ilikamilisha VP9, isiyodai ada ya leseni, ambayo YouTube huitumia kwa wingi. AV1 ikatoka 2018 mikononi mwa Alliance for Open Media, muungano ulioanzishwa 2015 na kampuni saba, zikiwamo Google, Netflix, Mozilla na Intel. Kila kizazi hubana zaidi na kudai hesabu nyingi zaidi wakati wa kufumua. H.264 huigawa picha katika vipande vya pikseli 16 kwa 16. AV1 huweza kuanza na kipande cha 128 kwa 128 na kukikata kwa namna nyingi, kila namna na hesabu yake.

Kwa prosesa za Intel Core, mpaka umechorwa wazi. Kizazi cha 2, cha mwaka 2011, kina kisimbuzi kizuri cha H.264, na vizazi vya 3 na 4 vilibaki hapohapo. Kizazi cha 5 kilijaribu HEVC na VP9 kwa kugawana kazi kati ya sakiti maalumu na sehemu za kawaida za grafiki, jambo linalosaidia kiasi. Kizazi cha 6, cha mwaka 2015, ndicho cha kwanza kusimbua HEVC ya kawaida kikamilifu, na cha 7 kikaongeza HEVC ya biti 10 pamoja na VP9. AV1 ilisubiri kizazi cha 11 cha mwaka 2020. Kizazi husomeka kwenye namba ya prosesa: i5-3470 ni ya kizazi cha 3, i5-7200U ni ya 7, i5-1135G7 ni ya 11. Majina ya Celeron na Pentium hayafuati kanuni hiyo, kwa hiyo ni lazima yatafutwe moja moja. Upande wa AMD, prosesa za Ryzen zenye grafiki ya Vega ndani yake husimbua HEVC na VP9; zile za mfululizo wa A za zamani nyingi zinaishia H.264. Core 2 Duo za 2006 na kuendelea hutegemea chipu ya grafiki iliyo kwenye ubao mama, na baadhi ya chipu hizo hazisimbui hata H.264.

Hapa ndipo kiini cha tatizo kilipo. OptiPlex 7010 yenye prosesa ya kizazi cha 3 inaweza kuonyesha filamu ya H.264 ya 1080p huku prosesa ikiwa karibu imelala. Mashine hiyohiyo ikifungua YouTube, kivinjari huiambia tovuti kwamba kinaweza kucheza VP9 na AV1, na ni kweli kinaweza, kwa kuwa kimebeba programu ya kuzisimbua. Ambacho huenda kisizingatiwe ni kwamba kazi hiyo itafanywa na prosesa bila msaada wa kisimbuzi. Tovuti inatuma kodeki mpya kwa sababu inaiokolea data, na kompyuta iliyokuwa na uwezo kamili wa kuonyesha mechi hiyo katika H.264 inaanza kuhema.

Kabla ya kununua chochote, ni lazima ijulikane video inakatika kwa namna gani, kwa kuwa magonjwa matatu tofauti hupewa jina moja la kukatakata. Picha ikisimama pamoja na sauti, duara likazunguka katikati ya skrini, kisha vyote vikaendelea tena, hiyo ni kasi ya intaneti. Kompyuta haina kosa. Sauti ikiendelea vizuri lakini picha inarukaruka au inabaki nyuma ya midomo, hapo kusimbua ndiko kunakochelewa. Kompyuta nzima ikiganda, mshale wa kipanya ukawa mzito na hata kubadili dirisha kukachukua sekunde kadhaa, hilo ni tatizo la RAM iliyojaa au hadidiski iliyochoka. Kuna na dalili ya nne inayosahaulika: video inayocheza vizuri kwa dakika kumi za mwanzo kisha ikaanza kukatika huku feni ikivuma. Hilo ni joto.

Uchunguzi wa karibu hauhitaji fundi. Video inapocheza kwenye YouTube, kubofya kulia juu yake hufungua menyu yenye takwimu za kitaalamu. Katika jedwali dogo linalotokea, mstari wa kodeki huonyesha moja ya maneno haya: avc1, ambayo ndiyo H.264, vp09, yaani VP9, au av01, yaani AV1. Mstari mwingine huhesabu fremu zilizotupwa kati ya zote zilizopita. Ikiwa baada ya dakika mbili zimetupwa tatu au nne, macho hayatagundua. Ikiwa zimetupwa mia sita kati ya elfu tatu na mia sita, yaani moja katika kila sita, ugonjwa umeonekana. Wakati huohuo Task Manager ya Windows, inayofunguka kwa Ctrl, Shift na Esc, huonyesha prosesa inatumika kwa kiasi gani. Ikiwa iko karibu na asilimia 100 huku fremu zikitupwa na kodeki ikisomeka vp09 au av01, hakuna haja ya kupiga ramli. Kwa mafaili yaliyo kwenye kompyuta, VLC hutoa habari hizohizo kwa kubonyeza Ctrl na J: kodeki, ukubwa wa picha, na katika ukurasa wa takwimu, idadi ya fremu zilizopotea.

Sehemu kubwa ya tiba haigharimu chochote, na ndiyo inayostahili kutangulia. Ya kwanza ni draiva ya grafiki. Kompyuta inapowekewa Windows upya, mara nyingi hubaki na draiva ya muda inayosomeka Microsoft Basic Display Adapter kwenye orodha ya vifaa. Skrini inawaka, picha inaonekana, kila kitu kinadhaniwa kimekamilika, kumbe kisimbuzi kimelala kwa sababu hakuna anayekiamsha. Kuweka draiva halisi ya Intel, AMD au Nvidia kunaweza kuirudisha mashine katika uwezo iliotoka nao kiwandani. Pili, kivinjari kina mpangilio wa kutumia grafiki kuharakisha kazi. Baadhi ya watu huuzima kwa ushauri wa mtu aliyekuwa akitibu tatizo jingine, kisha husahau kuuwasha. Mpangilio wa kuokoa umeme nao uangaliwe, hasa kwenye laptopu, kwa sababu huweza kuifungia prosesa katika kasi ndogo.

Dawa yenye nguvu kuliko zote kwa mashine za kizazi cha 2 hadi cha 6 ni kuidai tovuti itume H.264. Kiongezo cha kivinjari kama enhanced-h264ify hufanya hivyo kwa kuficha uwezo wa VP9 na AV1, na kwenye Firefox AV1 inaweza kuzimwa katika mipangilio ya ndani. YouTube ikiona kivinjari hakikubali kodeki mpya, hurudi kwenye avc1, kisimbuzi cha zamani kinashika kazi, na matumizi ya prosesa hushuka ghafla. Kinachopotea ni ubora wa juu ya 1080p, ambao YouTube haiutoi kwa H.264. Kwa laptopu yenye skrini ya 1366 kwa 768, kama zilivyo nyingi za miaka hiyo, hakuna kinachopotea: skrini hiyo haina hata pikseli za kutosha kuonyesha 1080p, na kuichagua ni kuitaka kompyuta isimbue pikseli milioni mbili kisha itupe karibu nusu yake. Video ya 720p, yenye pikseli 921,600, inaitosha.

Lakini uamuzi huu una bei upande wa bando, na bei hiyo haifai kufichwa. Kila megabiti moja kwa sekunde ni megabaiti 450 kwa saa. H.264 ikihitaji megabiti mbili na nusu kuonyesha picha ambayo VP9 ingeionyesha kwa moja na nusu, tofauti ni megabaiti 450 kila saa, na kwa anayenunua intaneti kwa kipimo hiyo ni fedha inayotoka mfukoni kila wiki. Kodeki mpya huokoa bando kwa kuichosha prosesa. Ya zamani huipumzisha prosesa kwa kula bando. Mwenye intaneti isiyo na kikomo nyumbani au ofisini achukue H.264 bila kusita. Anayetumia bando la simu afadhali ajaribu kwanza VP9 kwa 480p, ambayo prosesa nyingi za viini vinne za zamani huimudu bila kisimbuzi, kabla ya kupanda. Hata AV1 si ya kukatiwa tamaa moja kwa moja. Programu ya dav1d, iliyoanzishwa 2018 na jamii ya waundaji wa VLC, imeandikwa kwa ustadi kiasi kwamba prosesa ya viini vinne ya kizazi cha 4 huweza kusimbua AV1 ya ubora wa kati kwa nguvu zake yenyewe.

Mafaili ya nyumbani yana njia yao. Simu za iPhone zenye uwezo huo zilianza kurekodi kwa HEVC tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na simu nyingi za Android hutoa chaguo hilohilo. Video ya harusi ya ndugu ikihamishiwa kwenye kompyuta ya 2012, hukwama kana kwamba faili limeharibika. Halijaharibika. Programu ya bure ya HandBrake huibadilisha kuwa H.264. Kazi hiyo kwenye mashine ya zamani inaweza kuchukua saa kadhaa kwa video ndefu, lakini hufanyika mara moja tu, hata usiku watu wakiwa wamelala. Kwa video zijazo, kamera ya simu ina mpangilio wa kurekodi katika mfumo unaopokelewa na vifaa vingi.

Joto linastahili nafasi yake. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, ili zisiungue, na mashine iliyofanya kazi miaka kumi huwa imekusanya vumbi kama blanketi kati ya feni na mapezi ya kupozea. Krimu ipitishayo joto kati ya prosesa na bamba la kupozea nayo hukauka na kupasuka. Kufungua kifuniko, kupuliza vumbi huku feni imeshikiliwa isizunguke, kufuta krimu ya zamani kwa spiriti na kupaka mpya kiasi cha punje ya mchele ni kazi ya saa moja, na krimu yenyewe ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye duka la fundi. Dodoma yenye vumbi na Mombasa yenye joto la mwaka mzima hufanya kazi hii iwe ya lazima zaidi kuliko ilivyokuwa katika ofisi ya Ulaya ambako mashine ilitoka.

Baada ya hayo ndipo fedha itoke. SSD ndicho kitu kinachobadilisha maisha ya kompyuta ya zamani kuliko kingine chochote: hadidiski inayozunguka hulazimika kusogeza kichwa chake kutafuta kila faili dogo, ilhali SSD haina kinachosogea. Kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tatu huwa tayari kwa sekunde chache. Hata hivyo SSD haisimbui video. Filamu nzito ya megabiti 20 kwa sekunde inahitaji kusomwa kwa megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde, na hadidiski nzima ya miaka hiyo husoma mara nyingi zaidi ya hapo. SSD hutibu video pale tu ambapo kompyuta nzima ilikuwa ikiganda, ama kwa sababu hadidiski inakufa, ama kwa sababu RAM ilijaa na mfumo ukawa unaitumia hadidiski kama RAM ya dharura.

RAM nayo ina kiwango chake cha kutosha. Kucheza video kwenyewe hakuhitaji kumbukumbu nyingi. Kivinjari chenye kurasa kumi zilizofunguliwa ndicho kinachozila. Gigabaiti 4 zinabana, 8 zinatosha, na 16 haziongezi ulaini wowote wa picha. La muhimu ni zigawanywe vipi. Grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, huazima RAM ya kompyuta, na vipande viwili vya gigabaiti 4 huipa njia mbili za kupitia mahali ambapo kipande kimoja cha 8 kingeipa njia moja. Aina nayo iangaliwe kabla ya kulipa: DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kipande cha mezani hakiingii kwenye laptopu, na laptopu za kizazi cha 4 hutaka DDR3L ya volti 1.35, si DDR3 ya 1.5. Jambo jingine linalopoteza fedha za watu: Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hata mashine ikiwa na 8. Taarifa za mfumo huonyesha ni ya biti ngapi kwa mstari mmoja.

Kadi ya grafiki ndiyo pekee kati ya vipuri vya kawaida inayoleta kisimbuzi kipya, na huwezekana kwenye kompyuta za mezani tu. Laptopu za ofisini hazina mahali pa kuiweka. Hapa makosa ni mengi. Nvidia GT 710 huuzwa kwa bei rahisi na boksi lake huvutia, lakini kisimbuzi chake kinaishia H.264, sawa na kile ambacho prosesa ya kizazi cha 3 tayari inacho. Anayeinunua kwa ajili ya YouTube anapata kile alichokuwa nacho. GT 730 haina tofauti. Kadi inayofaa ni GT 1030 ya mwaka 2017, inayosimbua HEVC na VP9. Inatumia wati 30 hivi, zote kutoka kwenye sloti yenyewe bila waya wa ziada, na hupatikana katika umbo la nusu kimo linaloingia ndani ya kasha jembamba la OptiPlex au HP Compaq ambalo pawa saplai yake ni ndogo. Kuna toleo lenye kumbukumbu ya DDR4 linalodharauliwa na wacheza gemu. Kwa video kisimbuzi ni kilekile, na likiwa nafuu lichukuliwe. Quadro P400 iliyotumika ni ya familia hiyohiyo. AV1 haimo katika hizi zote. Radeon RX 6400 nayo, ingawa ni ya 2022, haisimbui AV1, na kadi za Intel Arc zinazoisimbua hutaka ubao mama mpya kuliko ulio katika mashine hizi.

Mambo mawili hukwamisha kadi hata baada ya kununuliwa. Waya wa skrini usipohamishwa kutoka kwenye tundu la zamani hadi kwenye kadi yenyewe, kadi huweza kukaa bure. Na GT 1030 haitoi mawimbi ya VGA, ilhali skrini nyingi zinazouzwa pamoja na kompyuta hizi zina tundu hilo tu. Bei ya kigeuzi cha HDMI kwenda VGA iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Mfumo endeshi hauwezi kuachwa nje. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai rasmi prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na moduli ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo karibu mashine zote zilizotajwa hapa zimebaki nje. Linux Mint ya Xfce au Lubuntu huziendesha kwa wepesi na hupokea masasisho ya usalama. Kisimbuzi hufanya kazi humo pia, ila draiva sahihi iwekwe: intel-media-va-driver kwa kizazi cha 5 na kuendelea, i965-va-driver kwa vya kabla yake. Amri ya vainfo huorodhesha kodeki zote ambazo chipu inazijua, na orodha hiyo ni ushahidi bora kuliko maneno ya tangazo lolote.

Kuna mahali pa kusimama. SSD na RAM huhamishika kwa sehemu au huuzika tena, lakini bei ya SSD, RAM na kadi kwa pamoja ikikaribia tofauti kati ya mashine iliyopo na nyingine iliyotumika ya kizazi cha 7 au 8, ni busara zaidi kuiuza iliyopo na kuongezea. Kwa laptopu uamuzi ni mwepesi hata zaidi: hakuna kipuri kitakachoipa EliteBook 840 G1 kisimbuzi cha VP9, ilhali 840 G4 yenye prosesa ya kizazi cha 7 inacho ndani. Core 2 Duo zisipewe fedha kubwa kwa ajili ya video. Zikisafishwa na kuwekewa Linux nyepesi, nyingi bado huonyesha DVD na mafaili ya 480p, na darasa la shule ya msingi lenye projekta halihitaji zaidi ya hapo.

Anayekwenda dukani kununua iliyotumika hahitaji kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Flashi moja yenye vipande vitatu vya 1080p vya dakika mbili, kimoja cha H.264, kimoja cha HEVC na kimoja cha VP9, hutosha kuipima. Muuzaji awashe mashine, VLC ifunguliwe, kila kipande kichezwe skrini nzima, kisha Ctrl na J ibonyezwe na fremu zilizopotea zisomwe. Baada ya hapo mkono uwekwe kwenye tundu la kutolea hewa: hewa ya uvuguvugu inayotoka kwa nguvu ni dalili njema, na tundu la moto lisilotoa upepo ni sababu ya kuomba bei ipunguzwe au kuangalia mashine nyingine.